Kufuli la Pampu na Simu ya Mweka Hazina: Mhandisi Azungumza juu ya Usalama wa Miradi Yetu

Mhariri ameniomba niandike somo la robo hii juu ya teknolojia na usalama katika maisha yetu ya kila siku. Mimi ni mhandisi wa maji. Si mtaalamu wa kompyuta wala si askari. Hata hivyo kazi yangu imenifundisha jambo moja: bomba hupasuka pale lilipo dhaifu, hata kama sisi tulikuwa tunalinda mahali pengine. Ndivyo ilivyo pia kwa fedha na taarifa za miradi yetu.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kamati iweze: (a) kutambua mahali ambapo mradi wake unaweza kupata hasara kwa njia ya simu; (b) kupanga utaratibu wa fedha usiomtegemea mtu mmoja; na (c) kumsaidia aliyetapeliwa badala ya kumwaibisha.

HABARI ILIYONIFUNDISHA

Miaka kadhaa iliyopita tulifunga pampu ya sola katika parokia moja ambayo sitaitaja jina. Mwongozo wa mradi niliuandika mwenyewe. Ulikuwa na kurasa mbili nzima juu ya ulinzi wa paneli: uzio wa waya, boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, kufuli kubwa na mlinzi wa usiku. Juu ya fedha za matengenezo niliandika sentensi moja tu, kwamba mweka hazina atazitunza.

Mweka hazina alikuwa mama mmoja mwaminifu sana. Benki ilikuwa mbali na nauli kubwa, kwa hiyo michango ya watumiaji wa maji aliiweka kwenye simu yake. Ijumaa moja alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Mtu huyo alimtaja kwa majina yake yote, akamwambia laini yake itafungwa jioni ile asipohakiki usajili. Akamwelekeza hatua kwa hatua: bonyeza hapa, weka namba hii ya uhakiki, sasa weka namba yako ya siri. Kumbe ile "namba ya uhakiki" ilikuwa namba ya wakala. Mama alikuwa anatoa fedha kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Shilingi laki sita zikaondoka.

Alipotazama salio alitetemeka, lakini hakumwambia mtu. Kesho yake asubuhi sauti ileile ilipiga tena. Iliomba radhi, ikasema fedha zimekwenda kimakosa na zitarudi akifuata hatua nyingine chache. Kwa aibu na kwa matumaini akafuata. Laki tisa nyingine zikaondoka. Jumatatu ndipo alipofika kwa katibu, akilia.

Miezi miwili baadaye, katikati ya kiangazi, kidhibiti cha pampu kiliungua. Fedha ya kununua kingine haikuwapo. Kwa wiki saba akina mama na watoto walirudi mtoni na ndoo zao. Paneli zote zilikuwapo mahali pake, na kufuli lilikuwa zima.

Katika mkutano, baadhi ya watu walitaka yule mama auze ng'ombe wake alipe. Mzee mmoja akasimama, akanigeukia mimi. "Mhandisi, tunakushukuru kwa kufuli. Ila mwizi wetu hakupita mlangoni."

Nilikosa jibu siku ile. Haya yanayofuata ndiyo jibu langu.

1. MTU MMOJA ASIBEBE MZIGO WOTE

Tunapofunga umeme tunaweka fyuzi, kwa sababu tunajua siku moja hitilafu itatokea. Hatumwambii mwenye nyumba ajitahidi tu kuwa mwangalifu. Mtambo ambao kosa la mtu mmoja linaweza kuuangusha wote ni mtambo uliobuniwa vibaya, na lawama ya kwanza ni ya aliyeubuni. Katika mradi ule aliyebuni ni mimi.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni za kulinda taarifa ndani ya kompyuta. Mbili kati ya kanuni hizo zinafaa hata kwa kamati isiyo na kompyuta. Ya kwanza: kila mtu apewe ruhusa inayomtosha kwa kazi yake tu. Ya pili: kufuli linalohitaji funguo mbili, zilizo kwa watu wawili, ni salama zaidi kuliko la ufunguo mmoja.

Kwa hiyo fedha za mradi zisikae kwenye laini binafsi ya mtu yeyote, hata awe mwaminifu namna gani. Zikae kwenye akaunti ya kikundi. Benki nyingi na baadhi ya huduma za fedha kwa simu zina akaunti za namna hii, ambazo hazitoi kitu mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Anayeomba fedha, anayeidhinisha na anayeandika daftari wawe watu tofauti. Kama yule mama angehitaji idhini ya katibu, katibu angeuliza, "Mama, hizi ni za nini?" Swali hilo dogo lingetosha kuwa kufuli.

Tusiogope kwamba funguo mbili ni dalili ya kutoaminiana. Zinamlinda mweka hazina kuliko zinavyomshuku. Fedha zikipotea, hatasimama peke yake mbele ya mkutano.

2. UTARATIBU UWE WAZI, NAMBA IWE SIRI

Zamani sana, mwaka 1883, mwalimu Auguste Kerckhoffs, aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha Ufaransa, aliandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi. Alisema utaratibu mzuri unabaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi tu ufunguo wenyewe haujulikani. Wahandisi wanaifuata kanuni hiyo hadi leo.

Kamati nyingi hufanya kinyume. Utaratibu wa fedha ni siri ya watu wawili watatu, lakini namba ya siri inajulikana kijiji kizima. Tulipochunguza mambo katika parokia ile, tuligundua kwamba namba ya siri ya simu ya mama ilikuwa mwaka wa kuanzishwa kwa parokia, ulioandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kanisa. Tapeli hakuihitaji, lakini mtoto yeyote aliyeshika simu ile angeweza kuibahatisha.

Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 kuanzia 0000 hadi 9999. Zinaonekana nyingi, lakini watu hawachagui kwa kutawanyika. Mwaka 2012 mchambuzi Nick Berry alipitia namba za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja, akakuta karibu moja kati ya kila kumi ni 1234. Miaka ya kuzaliwa nayo ilikuwa mingi. Basi tusitumie mwaka, wala tarakimu zinazofuatana, wala zinazojirudia.

Kinyume chake, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wote wajue nani anaidhinisha na kwa utaratibu gani. Kisichojulikana kiwe namba ya siri peke yake.

3. KANUNI ISIYOTEKELEZEKA NI HATARI

Mwaka 2003 Bill Burr, mfanyakazi wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo wa maneno ya siri ya kompyuta. Alishauri yachanganywe herufi, tarakimu na alama, na yabadilishwe mara kwa mara. Ofisi nyingi duniani zilifuata. Nini kilitokea? Watu walichoka. Aliyekuwa na "Maria1" aliweka "Maria2", na wengine waliandika neno lao kwenye karatasi na kuibandika mezani. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: neno refu ni bora kuliko neno gumu, na libadilishwe pale kuna dalili kwamba limejulikana, si kwa kufuata kalenda.

Namheshimu mhandisi anayekubali kwamba alikosea. Kwa ofisi zetu za parokia, maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, kwa mfano majina ya vitu vya jikoni na shambani yaliyochanganywa, ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Na kamati inapotunga kanuni ijiulize: je, mtu aliyechoka, jioni, taa ikiwa hafifu, ataweza kuitekeleza?

4. ALIYETAPELIWA ASEME MAPEMA

Katika habari ile, laki sita ziliondoka kwa ujanja wa tapeli. Laki tisa ziliondoka kwa sababu ya aibu. Kama mama angesema Ijumaa ileile, simu ya Jumamosi isingemkuta peke yake.

Wenzetu wa usafiri wa anga walilitambua jambo hili zamani. Tangu mwaka 1976 Marekani ina utaratibu unaosimamiwa na NASA, ambapo rubani na waongoza ndege hutoa taarifa za makosa na hatari walizokutana nazo, na majina yao huondolewa kwenye taarifa hizo. Lengo ni wote wajifunze kabla ndege haijaanguka. Mtu akijua atatukanwa, atanyamaza, na kosa lililofichwa huzaa jingine.

Basi kamati iweke kanuni hii katika muhtasari wake: mtu akitoa taarifa ya kosa siku hiyohiyo, hatashtakiwa kwa kudanganywa. Wizi wa makusudi ni jambo jingine, nao una njia zake za kisheria.

5. HARAKA NDIYO SILAHA YA TAPELI

Matapeli hubadilisha maneno, lakini karibu wote huleta haraka: laini inafungwa, mtoto ameanguka shuleni, zawadi inaisha saa kumi. Tukikutana na haraka ya namna hiyo, tufanye haya:

- Tukate simu, kisha tupige wenyewe kwa namba tunayoijua tangu zamani. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu, kwa hiyo hata sauti ya paroko isitutoshe.
- Tusimtajie mtu yeyote namba ya siri, wala tusibonyeze chochote kwa kuelekezwa na mpigaji.
- Ujumbe ukisema fedha zimeingia, tuangalie salio wenyewe kwenye menyu ya huduma kabla ya "kurudisha" kitu.
- Kwa Tanzania, tupige *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, na ujumbe wa kitapeli tuupeleke namba 15040.

NENO KWA WAFADHILI

Marafiki wetu mnaochangia, ninawaomba mawili. Kwanza, gharama za usalama wa fedha ziingie kwenye bajeti kama zinavyoingia za uzio: laini ya mradi, nauli za kwenda benki, siku moja ya mafunzo. Ni ndogo ukilinganisha na wiki saba bila maji. Pili, mnapotuomba taarifa, msituombe picha za watoto pamoja na majina yao kamili na shule zao. Tapeli aliyemtaja mama yule kwa majina yake yote aliyapata mahali fulani. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Hata bila sheria, heshima ya mtu tunayemsaidia ni sehemu ya msaada wenyewe.

MWISHO WA HABARI ILE

Mkutano ulijadili hadi jioni. Mwishowe ulikubali kwamba hasara ibebwe na watumiaji wote wa maji kidogo kidogo, na ng'ombe wa mama abaki zizini. Mama aliomba kujiuzulu. Wakamkatalia, ila wakampa wenzake wawili wa kuidhinisha pamoja naye. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha waweka hazina wapya, na huanza kwa kusimulia kosa lake mwenyewe. Nami nimeandika upya ule mwongozo wangu. Uzio una nusu ukurasa; fedha zina kurasa mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Fedha za mradi wetu leo zinaweza kutolewa na mtu mmoja peke yake? Nani, na kwa njia gani?
2. Simu ya mweka hazina ikipotea usiku huu, kesho tutajuaje kiasi tulichokuwa nacho?
3. Mtu akitapeliwa katika kamati yetu, atamwambia nani kwanza? Je, ataogopa? Kwa nini?
4. Ni kanuni gani tuliyojiwekea ambayo kwa kweli hakuna anayeifuata? Tuirekebishe vipi?

ZOEZI LA ROBO HII: Kamati ichore kwenye karatasi njia ya shilingi moja, kutoka mkononi mwa mchangiaji hadi kwenye risiti ya matumizi. Kila inapopita kwenye mkono wa mtu mmoja tu, wekeni alama nyekundu. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.