SOMO LA WIKI: Mlango 9222 usiachwe wazi

Kampuni inayosimamia akaunti za wateja wengi hutenga wasifu wa kivinjari kwa kila mteja, kisha programu hufungua kurasa na kujaza fomu badala ya karani. Katika Chrome, amri hupitia anwani 127.0.0.1, kwa kawaida mlango 9222, ndani ya kompyuta ile ile. Muda huokolewa, lakini mlango huo hauulizi neno la siri. Programu ya mwizi ikiwa ndani ya mashine yaweza kuchukua vidakuzi vinavyomtambulisha mtumiaji na kuingia kwenye akaunti. Kwa sababu hiyo, toleo 136 la mwaka 2025 liliacha kuufungua kwa folda ya kawaida ya mtumiaji. Wenye biashara wanashauriwa kutenga folda ya pekee, na kuufunga mlango kazi inapokwisha.