Taa ya Sola Ikizimika: Pima Betri Kabla ya Kununua Nyingine

Desemba 2019 kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa nje kidogo ya mji wa Garissa, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Hata hivyo, katika vijiji na maboma mengi ya Balambala, Lagdera, Fafi na Ijara nyaya za gridi bado ziko mbali. Huko jua hilohilo hukusanywa na kipaneli kidogo juu ya paa, betri moja na taa mbili au tatu. Garissa pia ni miongoni mwa kaunti 14 za mradi wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 150 ili kufikisha umeme, hasa wa sola, katika maeneo yaliyoachwa nyuma.

Vifaa vya sola vimeingia nyumbani. Ufundi wa kuvitunza haujavifuata kwa kasi ile ile.

Mfano wa kawaida ni huu. Taa iliyokuwa ikiwaka hadi alfajiri inaanza kuzimika saa nne usiku, kisha saa mbili, na mwishowe inazimika kabla mtoto aliyetoka duksi hajamaliza kazi ya shule. Mama mwenye nyumba anaitupa juu ya kabati na kurudi kwenye tochi ya mawe, au anachanga pesa za taa mpya. Mara nyingi taa hiyo haijafa. Balbu zake za LED ni nzima, paneli ni nzima, na kilichochoka ni betri ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya taa.

Joto ndilo adui wa kwanza

Betri nyingi hutengenezwa kwa kudhania chumba chenye nyuzi 25 za Selsiasi. Garissa mchana hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi, na chini ya mabati huwa zaidi. Kwa betri za risasi, zile nzito kama za gari, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa takriban nusu. Betri ambayo ingedumu miaka minne mahali pa baridi inaweza kudumu miwili tu hapa, hata kama haijafanywa kosa lolote.

Kuna kosa moja linalofanywa karibu kila boma, nalo ni kuiacha taa yenyewe juani pamoja na paneli yake. Kinachohitaji jua ni paneli peke yake. Taa yenye betri ndani yake ivutwe kwa waya hadi kivulini. Betri kubwa nayo isiwekwe rafu ya juu karibu na mabati. Mahali pake ni chini, juu ya kipande cha ubao, penye hewa, mbali na watoto na jiko.

Vumbi huja baada ya joto. Paneli ifutwe alfajiri kabla haijapata moto, kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia kwenye kioo huacha utando mweupe, kwa hiyo kitambaa kikamuliwe vizuri. Maji hayo hayo yasitiwe kamwe ndani ya betri yenye vifuniko vya kuongezea maji. Betri hizo huongezwa maji safi ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta.

Kupima ni kazi ya dakika kumi

Chombo kinachohitajika ni multimita, kile kisanduku chenye kioo cha namba na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ndogo za bei ya chini hupatikana kwa takriban shilingi 500 hadi 1,000, na majirani kumi wanaweza kuchangia moja. Kipimo kinachotumika ni volti za DC.

Mkazi aanze na paneli. Saa sita mchana aichomoe, aielekeze juani na kugusisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Paneli inayoitwa ya volti 12 inapaswa kusoma kati ya 18 na 22 hivi ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kwa sababu hiyo multimita iwekwe kwenye 200, kwani kwenye 20 huenda ikaonyesha 1 peke yake na kumfanya mtu adhani imeharibika. Paneli ndogo za taa zina volti chache zaidi, na kiwango chake huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma. Namba ikikaribiana na iliyoandikwa, paneli haina kosa. Ikisoma sifuri, aangalie waya na plagi kwanza. Mbuzi hutafuna nyaya, na plagi hushika kutu.

Betri ya risasi ya volti 12 hupimwa ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Iliyojaa husoma karibu 12.7, yenye nusu karibu 12.2, na ikiwa chini ya 11.8 imekaribia kuisha. Ndani yake kuna vyumba sita vya takriban volti mbili kila kimoja. Ndiyo maana betri iliyokaa juani siku nzima ikichajiwa na bado inasoma 10 na kitu, kwa kawaida imepoteza chumba kimoja kizima. Hiyo haifufuki, hata fundi aseme nini kuhusu dawa ya kumimina ndani.

Taa ndogo nyingi hutumia betri ya lithiamu yenye umbo la bomba, inayojulikana kwa namba 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake tu: upana milimita 18 na urefu milimita 65. Iliyojaa husoma volti 4.2. Ikisoma chini ya 2 iachwe, hata kama chaja inaonekana kuifufua, kwa maana betri iliyoshuka hivyo inaweza kupata moto ikichajiwa tena.

Namba za kuangalia dukani

Mkazi anayekwenda kununua betri abebe ile ya zamani, au apige picha maandishi yake yote pamoja na jinsi nyaya zilivyounganishwa kabla ya kuchomoa chochote. Kugeuza chanya na hasi mara moja tu kunaweza kuua taa nzima.

Neno la kwanza la kutafuta ni aina. Zipo lithiamu mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni ya volti 3.7, na nyingine ni ya 3.2 ambayo huandikwa LiFePO4. Taa iliyotengenezewa ya 3.2 ikipewa ya 3.7 haitaijaza vizuri. Kinyume chake ni hatari, kwa sababu chaja ya 3.7 huendelea kusukuma umeme hadi volti 4.2 wakati betri ya 3.2 ilipaswa kusimamishwa karibu 3.6. Muuzaji akisema “zote ni sawa”, mkazi aende duka la pili.

Neno la pili ni uwezo, unaoandikwa kwa mAh, na hapa ndipo wanunuzi wengi huibiwa mchana kweupe. Betri bora kabisa za 18650 hufika takriban 3,500 mAh. Sokoni zipo zenye maandishi ya 6,800, hata 9,900. Ni uongo uliochapishwa kwenye plastiki, na mara nyingi ndani mna kidogo kuliko betri ya kawaida ya 2,000. Njia rahisi ya kuzikamata ni mizani. Betri halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na za bandia nyingi ni nyepesi zaidi. Mizani ndogo ya sonara inatosha, na sonara hawakosekani mjini.

Waya zisiunganishwe kwa kulehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri ya lithiamu, kwani joto la chombo huiharibu na linaweza kuiwasha. Zinunuliwe zile zenye masikio ya bati yaliyoshikizwa tayari, au kitumiwe kishikizo cha plastiki chenye springi.

Vipuri vinakotoka

Mjini Garissa, mahali pa kuanzia ni Soko Mugdi na maduka ya simu yanayolizunguka. Upande wa Dadaab, masoko ya Hagadera, Ifo na Dagahaley yana mafundi wa simu na redio ambao wamekuwa wakitengeneza kwa spea chache kwa miaka mingi, na baadhi yao hupata kipuri kilichokosekana mjini.

Kisichopatikana huagizwa Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370. Luthuli Avenue ndio mtaa unaojulikana kwa vifaa vya elektroniki na spea zake, na mabasi ya Garissa yanayotoka Eastleigh hubeba vifurushi kila siku. Busara ni kukusanya mahitaji ya majirani kadhaa katika kifurushi kimoja ili nauli igawanywe. Pesa zitumwe baada ya muuzaji kutuma picha ya kipuri chenyewe, yenye maandishi yanayosomeka. Risiti idaiwe hata kwa kitu cha shilingi mia mbili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, lakini asiye na risiti hupata shida kuthibitisha alinunua wapi.

Ni vyema pia kununua kabla ya mvua. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, mizigo ya kila aina ilikwama.

Chanzo cha tatu kiko nyumbani au ofisini: vifaa vilivyokufa. Betri ya kompyuta ya mkononi iliyochoka mara nyingi ina 18650 kadhaa ndani, na kwa kawaida si zote zimeharibika. Kuipasua ni kazi ya fundi, kwa sababu bisibisi ikigusa mahali pasipofaa cheche huruka. Swichi, soketi, spika na nyaya za redio mbovu, hata hivyo, mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuziweka kwenye mkebe.

Simu za vibonye na redio nyingi ndogo hutumia betri ya BL-5C, ambayo haikosekani dukani. Ubora wake lakini hutofautiana. Mwaka 2007 hata Nokia wenyewe waliwatahadharisha wateja kuhusu BL-5C milioni 46 zilizoweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa. Betri yoyote iliyofura itolewe. Isibonyezwe wala kutobolewa, na iwekwe ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu nje ya nyumba. Simu isiyoshika chaji, kwa upande mwingine, pengine ina vumbi tu kwenye tundu la chaja. Izimwe, kisha itolewe vumbi kwa kijiti kikavu cha mti, si sindano.

Pa kusimama

Televisheni, inverta na chaja za ukutani ni habari nyingine. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, na mshtuko wake unaweza kuua. Mkazi anachoweza kufanya ni kubadilisha fyuzi ya plagi kwa nyingine ya ampea zile zile, basi. Fyuzi isizungushiwe karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Akimpelekea fundi televisheni inayowasha taa nyekundu na kuzima, anaweza kumwomba aweke kapasita za nyuzi 105 badala ya 85, kwa sababu ya joto la huku.

Sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu zisifunguliwe kabla deni halijaisha. Kufungua kisanduku huweza kufuta dhamana, na kampuni ndiyo inayopaswa kubadilisha betri ikiwa dhamana bado ipo. Kwa mfumo mkubwa wa nyumba, duka au msikiti, mkazi aulize leseni ya fundi wa sola inayotolewa na EPRA. Vijana wanaotaka kazi hii waulize kozi za umeme katika vyuo vya ufundi vya kaunti, na waliojifunza mtaani wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti.

Betri za risasi zilizokufa zisivunjwe nyumbani wala risasi yake isiyeyushwe kwa ajili ya kutengeneza uzito wa nyavu au kuuza. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi katika udongo na katika miili ya watoto, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri hizo zirudishwe nzima, zikiwa na tindikali yake ndani, kwa muuzaji wa betri mpya. Wengi wao hupunguza bei kwa anayerudisha ya zamani, na ni vizuri kuliuliza hilo kabla ya kukubaliana bei.