SOMO: MKILUA UPANDWE NYUMBANI

Kilua, ua linalotiwa katika kikuba pamoja na asumini na rihani, hutoka katika mti wa asili wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 wataalamu wa mimea waliuandika kwa jina la Mkilua fragrans, wakilichukua neno la Kiswahili kama lilivyo.

Mwanachama atakaye kuupanda asiende kung'oa mche msituni. Misitu ya Kaya ina wazee wake, na tangu 2008 baadhi imo katika Urithi wa Dunia. Aombe mbegu zilizoiva kwa jirani mwenye mti, azipande zikingali mbichi.

Mkilua huota chini ya miti mikubwa. Kwa hiyo mahali pake ni kivulini, chini ya mwembe kwa mfano, si uani penye jua kali. Umwagiliwe maji wakati wa kaskazi. Majani makavu yaachwe shinani: ufagio wa kila asubuhi, ambao wengi huuona ni usafi, huunyima mti chakula chake.

Chama kinachouza maua ya wanachama kiyahesabu na kuyaandika daftarini asubuhi ileile ya kuchumwa, kwani kilua kilichonyauka hakipati mnunuzi jioni.