Neno Refu Kwenye Ubao wa Chifu

Mama mmoja wa darasa letu la ngumbaru hapa Matinyani alisimama kusoma tangazo kwa chifu. Alipofika kwa neno ADJUDICATION akaacha. "Mwalimu, hilo neno ni kama gari la moshi," akaniambia.

Basi tulilikata behewa moja moja ubaoni: ad-ju-di-ca-tion. Ni silabi tano. Mkazo uko kwa ile ya nne, ca, ambayo hutamkwa "kei". Na tion husemwa "shen", si "tioni". Hapo tulicheka sana, maana hata mimi zamani nilikuwa nikisema hivyo.

Lakini kukata kwa sauti si sawa na kukata kwa maana. Kwa maana, vipande ni vitatu: ad-judic-ation. Cha katikati chatoka Kilatini, ni kuhukumu, nacho ni ndugu ya judge, yaani hakimu. Mkia wa -ation hugeuza kitendo kuwa jina. Hata sisi tunafanya hivyo: amua, uamuzi, mwamuzi. Wao wana adjudicate, adjudication, adjudicator.

Kwa hivyo tangazo lilikuwa la kuamua shamba ni la nani! Sheria ya Kenya ya mwaka wa 1968 yasema kwamba rejista ikikamilika na tangazo kutolewa, mwenye kupinga ana siku 60, na ni lazima apinge kwa maandishi. Mama alihesabu kwa vidole, akakuta zimebaki 11. Somo la hesabu tukaliacha, tukaandika barua ya pingamizi.