Pistoni inafika wapi? Maneno ya gereji na motere ya Coccinelle iliyoongezwa mwendo

Katika semina ya leksikografia tuliombwa kila mmoja achague kazi moja ya mikono, akae na wanaoifanya, kisha alete istilahi zao. Wenzangu walichagua ushonaji, uashi, upishi wa bukari. Mimi nilienda kwa nonko wangu, fundi wa motere hapa Lubumbashi, kwa sababu nilikulia karibu na gereji yake na nilidhani kazi itakuwa rahisi. Niliahidi kuleta maneno 200. Nimeleta machache kuliko hayo, pamoja na deni kwa fundi wa tona. Makala haya yanaeleza deni hilo lilivyozaliwa na neno moja la Kiswahili sanifu, ambalo nililichagua mwenyewe na kulionea fahari.

Kwanza kazi yenyewe. Mteja mmoja ana Volkswagen Coccinelle ya 1966, iliyozaliwa na motere ya 1300. Silinda zake zilikuwa na kipenyo cha mm 77, na pistoni zikisafiri mm 69; kwa silinda nne hiyo ni sentimita za ujazo 1285. Alitaka gari libaki na sura yake ya zamani lakini lipande barabara ya Likasi bila kuhema. Akapata karteri ya 1600, akaagiza silinda na pistoni za mm 90.5, na vilbreke ya mm 82 badala ya 69. Ukizidisha eneo la pistoni kwa mm 82, kila silinda inabeba sentimita za ujazo 527.5, na zote nne 2110. Karibu mara moja na theluthi mbili ya ile ya kwanza, katika gari lilelile.

Maelekezo yaliyokuja na vilbreke yalikuwa ya Kiingereza. Nonko anasoma Kifaransa, Kiingereza hapana. Akanikabidhi karatasi mbele ya wanagenzi wake watatu: “Wee ni wa faculté. Tutafsirie, lakini kwa Kiswahili, hawa watoto nao basikie.”

Neno la kwanza lililonikwamisha ni “stroke”. Kamusi ya kwanza niliyofungua ilinipa “kiharusi”. Ya pili ikanipa “pigo”. Kiingereza hapa kimekunja vitu viwili katika neno moja. Kuna zile hatua nne za kazi, yaani kuvuta, kushindilia, kulipuka na kutoa moshi, ambazo Nikolaus Otto alizitia katika motere yake ya 1876. Na kuna umbali ambao pistoni inasafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kifaransa kinazitenga: hatua ni “temps”, umbali ni “course”. Gereji imefuata Kifaransa, ndiyo maana utasikia “motere ya katretan” kwa hatua na “kurse ya vilbreke” kwa umbali, na hakuna anayechanganya.

Mimi nilitaka neno la Kibantu. Nikatwaa “mwendo”: mzizi wa -enda, ngeli ya 3, mpangilio safi. Nikaandika: “Mwendo wa pistoni umeongezeka kwa milimita 13.” Sentensi hiyo haina kosa. 82 ukitoa 69 unapata 13.

Kosa liko katika kile ambacho msikilizaji anafanya na sentensi hiyo. Byele zetu zilikuwa za urefu wa kawaida, na pini ya pistoni ilikuwa mahali pake pa kawaida. Pistoni ikisafiri zaidi, itafika mbali zaidi na kugonga kilase. Dawa yake ni kuweka pete chini ya kila silinda ili kuisogeza nje. Pete ya unene gani? Nonko aliniuliza, nami nikasoma tafsiri yangu kwa sauti: 13. Akamtuma mwanagenzi kwa fundi wa tona. Pete nne za mm 13 zikachongwa.

Siku ya kujaribu kuunganisha, tuliweka pete, silinda, kisha kilase juu yake. Ncha za gujoni zikazama ndani ya kilase. Nati haikupata hata uzi mmoja wa kushika. Nonko hakusema kitu. Akatoa kilase, akazungusha vilbreke mpaka pistoni ikafika mwisho wake wa nje, akapima kwa pyekulise kutoka mdomo wa silinda hadi uso wa pistoni. Milimita 8. Yeye alikuwa amepanga 1.5.

“Hizi sita na nusu zinatoka wapi?” akauliza.

Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akacheka kidogo, si kwa furaha. “Usiniambie inatembea ngapi. Niambie inafika wapi.”

Vilbreke ni mkono unaozunguka. Mkono wa kwanza ulikuwa nusu ya 69, yaani mm 34.5. Mkono mpya ni nusu ya 82, yaani mm 41. Tofauti ni mm 6.5. Pistoni inaongeza mm 6.5 upande wa nje, na mm 6.5 nyingine upande wa ndani, ikirudi kuelekea vilbreke. Jumla ya mwendo ni 13, lakini kikomo cha nje kimesogea 6.5 tu. “Mwendo” unahesabu njia yote; pete inahitaji kujua kikomo. Kila mwanafunzi wa semantiki amefundishwa tofauti kati ya kitenzi kisicho na kikomo, kama kutembea, na kitenzi chenye kikomo, kama kufika. Mimi nilikuwa nimeijibu katika mtihani wa licence, na nikapata alama nzuri.

Ningeweza kujitetea kwamba hata Mfaransa angeweza kukosea na “course”. Lakini tazama jinsi gereji yenyewe inavyoepuka mtego huu. Hawasemi kamwe kwamba kurse “imeongezeka” wanapozungumzia pete. Wanasema pistoni “inatokea” kiasi fulani au “inabakia” kiasi fulani: “inabakia moja na nusu” maana yake uso wake uko mm 1.5 ndani ya mdomo wa silinda ikiwa imefika mwisho. Kitenzi kizima kimetengwa kwa ajili ya kipimo kimoja. Hilo sikuwa nimeliandika katika daftari langu, kwa sababu nilikuwa nakusanya nomino.

Na kuna jambo lingine katika motere hii ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha istilahi nilichosoma. Silinda za Coccinelle zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Pistoni haipandi wala haishuki. Inatoka na kuingia. Hata hivyo fundi wote wanasema “peemash”, yaani herufi za “point mort haut”, kituo cha kufia cha juu, wakionyesha kwa kidole upande wa kulia au wa kushoto, mbali na vilbreke. Nilimuuliza mwanagenzi mmoja: juu iko wapi hapa? Akaonyesha kilase. Kwake “juu” ni kilase iliko, hata kama iko ubavuni. Nilipowauliza wanagenzi wote watatu kwa kitenzi, wote walitumia -toka na -ingia. Nilipowauliza kwa nomino, wote walirudi kwenye “juu”. Nomino imekopwa pamoja na mwelekeo wa motere iliyosimama, kitenzi kimebaki na macho ya anayetazama motere iliyolala. Katika rasimu yangu mpya nimependekeza “kikomo cha nje” na “kikomo cha ndani”. Nonko amesikiliza na kusema ni sawa, kisha akaendelea kusema peemash.

Sasa mshindilio. Neno hili nalipenda kwa sababu -shindilia ndicho kitenzi cha kutia baruti katika bunduki ya zamani, na kazi ya pistoni ni ileile: kubana kitu kitakacholipuka. Gereji inasema “kompresyo”. Uwiano wake unapatikana hivi: chukua ujazo wote silinda ikiwa wazi kabisa, gawanya kwa ujazo unaobaki pistoni ikifika kikomo cha nje. Tulijaza chemba ya kilase kwa sirinji, tukapata sentimita za ujazo 50. Nafasi ya mm 1.5 juu ya pistoni ni 9.65 nyingine. Jumla 59.65. Kwa mwendo wa zamani wa mm 69 na pistoni zizi hizi, uwiano ungekuwa 8.4. Kwa mm 82 unaruka hadi 9.8, na hakuna aliyegusa chemba. Kwa pete zangu za mm 13 ungeanguka hadi 6.2, motere kubwa yenye nguvu ya mgonjwa. Kama ningekosea kwa upande wa pili, pistoni ingegonga kilase, na nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Mteja alitaka kumi kwa moja. (Mwanagenzi mdogo kabisa aliuliza ni timu gani ilifungwa kumi.) Nonko alikataa. Motere hii inapozwa kwa hewa, kilase zake hupata joto sana, na esansi ya mtaani haina uhakika; mshindilio ukizidi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na pistoni inatoboka. Hapa fundi hawana nomino. Wanasema “inagonga”, na mlio wenyewe wanauiga kwa ulimi. Wakakubaliana tisa kwa moja. Kwa hesabu hiyo nafasi yote iliyobaki inatakiwa kuwa karibu 65.9, kwa hiyo chemba zikachimbwa kutoka 50 hadi kiasi cha 56. Hesabu hii niliifanya mimi, nonko akairudia kwa kalamu yake, mara mbili.

Mengine nayapita haraka. Karteri ilisuguliwa ndani ili vichwa vya byele vipite. Vilbreke mpya ina vizani, ambavyo ya asili haikuwa navyo. Roda ya meno 109 ilibadilishwa na ya meno 130, na nyumba ya gia ikakwanguliwa ili iingie. Maneno ya vyombo karibu yote ni ya Kifaransa yaliyopewa irabu: vilbreke, byele, kilase, supape, gujoni. Vitenzi karibu vyote ni vyetu: kukaza, kulegeza, kusugua, kuonja. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, anaonyesha jinsi lugha hii ilivyohusishwa na kazi na amri. Katika gereji sikusikia amri nyingi. Nilisikia vitenzi.

Pete zilirudishwa kwenye tona, zikapunguzwa hadi mm 6.5, na gujoni ndefu zikanunuliwa. Fundi wa tona alidai malipo ya pili, na alikuwa na haki. Nonko alilipa, akaandika kiasi hicho ukutani kwa chaki karibu na jina langu. Ninakipunguza kila Jumamosi kwa kuosha vipande kwa petroli. Motere iliamka mara ya tatu ya kujaribu, siku ya Jumanne, nami nikiwa darasani. Walinipigia simu ili niisikie. Haikuwa inagonga.

Karatasi ya tafsiri bado imebandikwa gerejini. Sentensi ya “mwendo” imekatwa kwa wino mwekundu, na chini yake mwanagenzi mmoja ameandika: inatokea 6.5.