Kitu na Maneno Yake: Mwongozo wa Mwananchi Kuhusu Chama cha Historia na Makumbusho ya Kaunti

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mkazi wa kaunti aliyepita mbele ya makumbusho mara nyingi bila kuingia, akidhani pale ni mahali pa watalii na wanafunzi wa ziara. Ni cha anayetunza sanduku la marehemu babu yake na hajui alifanyie nini. Ni cha mwalimu, fundi, mvuvi na kijana mwenye simu ya kupigia picha. Mifano yake mingi imetoka pwani ya Kenya, lakini kazi inayoelezwa hufanyika popote.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Ikiwekwa ndani ya kabati la kioo na kuandikwa "Mbuzi, mti na chuma", mgeni ataitupia jicho na kupita. Sasa eleza ilichongwa na nani, katika kijiji gani, ilifika nyumbani kwa harusi ya nani, na kwa nini upande mmoja umelika kuliko wa pili. Mbuzi ni ileile, lakini sasa inasema. Kazi yote ya chama cha historia ni hiyo: kuhakikisha kitu hakitengani na maneno yake.

1. Chama hufanya nini, na makumbusho hufanya nini?

Chama cha historia ni mkusanyiko wa wakazi wanaojitolea. Humo mna walimu waliostaafu, wazee wa mtaa, maseremala, akina mama wanaojua nyimbo za unyago na harusi, na vijana wa kurekodi. Wao ndio wanaojua nyumba ya kubisha hodi. Makumbusho ndiyo yenye ghala, daftari na wataalamu wa kuhifadhi. Chama bila makumbusho hukusanya kisicho na pa kukaa. Makumbusho bila chama huwa ghala la vitu visivyojulikana wenyewe.

Hata Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalizaliwa na chama. Mwaka 1909 wapenzi wa elimu ya wanyama na mimea waliunda chama cha Afrika Mashariki na Uganda, na muda mfupi baadaye wakaanzisha makumbusho madogo Nairobi. Mwaka 1930 lilifunguliwa jengo lililoitwa Coryndon Museum, ambalo baada ya uhuru likawa makumbusho ya taifa. Lakini chama kile kilikuwa cha wakati wa ukoloni. Waliochagua kipi kihifadhiwe hawakuwa wenyeji wenye vitu. Ndiyo maana chama cha kaunti kina uzito: mara hii wanaochagua ni wenye historia yao.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, kama magofu na ngome, yamebaki katika dhamana ya serikali ya taifa. Lakini kisima cha mtaa, shule ya kwanza ya tarafa, karakana ya jahazi na madaftari ya duka la zamani, hivyo vyote vinatungoja sisi.

2. Siku kitu kinapopokelewa

Ukileta kitu makumbusho, usikiache mezani ukaondoka. Hakikisha haya yamefanyika mbele yako:

• Mazungumzo kwanza. Mpokeaji akuulize kitu ni cha nani, kilitumikaje, kilipatikana vipi. Jibu unalolijua, na usilolijua sema hulijui. Kubuni ni kuharibu.

• Hati ya makabidhiano. Iandikwe wazi kama unatoa zawadi au unaazima. Zawadi huwa mali ya makumbusho. Cha kuazima hubaki chako, na hati itaje tarehe ya kukirudisha. Ugomvi mwingi wa familia huzuka kwa sababu jambo hili halikuandikwa.

• Namba. Kila kitu hupewa namba yake peke yake, nayo huingizwa daftarini pamoja na maelezo, vipimo na jina la mtoaji. Namba ndiyo kamba inayokifunga kitu na habari zake.

• Picha na hali yake. Nyufa, kutu na matundu ya wadudu huandikwa siku hiyohiyo, ili uharibifu mpya utambulike baadaye.

Makumbusho yanaweza pia kukataa kitu. Huenda wanavyo kumi vya aina hiyo, au hawana mahali pakavu pa kukiweka. Usione umedharauliwa. Waombe wakipige picha na waandike habari zake, kisha urudi nacho nyumbani.

3. Picha moja iliyorudisha vigango

Kwa Wagiriama, mzee wa Gohu, chama cha wazee wa kimila, akifariki huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu inayosimamishwa kwa heshima ya roho yake. Hata watu wakihama, kigango huachwa palepale kiliposimikwa. Si pambo, wala si bidhaa.

Mwaka 1985 mtafiti wa mila, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili. Muda si mrefu vigango vile viliibwa. Miaka ikapita, kisha mtafiti huyo akakitambua kimoja katika mkusanyo wa makumbusho huko Illinois, Marekani. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilirejeshwa kijijini.

Vigango vingi vimetoka pwani na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, na vingi havina ushahidi wa vilikotoka. Hivi viwili vilikuwa nao: picha, mahali, mwaka na mwenyewe. Kila fomu tunayokuomba ujaze ina sababu hiyo. Siku kitu kikipotea, maandishi ndiyo yatakayokidai.

4. Nyumba nazo husema

Nenda Lamu uone jinsi mji mzima unavyoweza kuwa makumbusho. Ngome yake ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya Vita vya Shela. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikakabidhiwa makumbusho, na leo ni mahali pa maonyesho na mikutano ya wakazi. Mtaani kuna nyumba ya kale ya Kiswahili iliyotengenezwa upya, yenye daka la kupokelea wageni na zidaka ukutani. Katika Makumbusho ya Lamu mna siwa, baragumu kubwa za wakuu wa zamani: moja ya Pate, ya pembe za ndovu, na nyingine ya Lamu, ya shaba. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo hata umbo la chumba ni habari ya msitu wa baharini. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumung'unyika. Ukitaka kukarabati nyumba ya babu, mtafute kwanza fundi wa chokaa. Naye fundi huyo ni hazina: chama kimrekodi akiwa kazini, mikono yake ionekane.

5. Sheria unayopaswa kuijua

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inatugusa sote. Shika mambo manne:

• Ukigundua kitu cha kale ardhini au baharini, toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa.

• Usichimbe kutafuta vitu vya kale bila leseni. Kigae kikiachwa kilipolala, mtaalamu atasoma umri wake kwa udongo uliokizunguka. Kikishang'olewa, ukurasa umechanwa.

• Usipeleke kitu cha kale nje ya nchi bila kibali.

• Milango na fremu za milango zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1946 zinalindwa na sheria. Mnunuzi akija na fedha mkononi, kumbuka hilo kabla ya kung'oa.

6. Kutunza nyumbani

Si lazima kila kitu kipelekwe makumbusho. Familia ni mhifadhi wa kwanza, na adui za vitu ni wanne: unyevu, jua, wadudu na haraka.

Picha za zamani zishike pembeni, mikono ikiwa mikavu. Andika majina nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya. Karatasi iliyochanika usiigandishe kwa selotepu, wala usiitie plastiki ya moto, kwani haitoki tena. Vyeti, barua na vitabu vya hati za Kiarabu viweke katika boksi safi, juu ya rafu, mbali na ukuta unaotoa maji na sakafu ya mchwa. Kanga na kanzu za kale zikague mara kwa mara kwa ajili ya nondo, na usizikunje pale pale kila mara. Shaba usiing'arishe kila sikukuu: kila unapoisugua, nakshi hupungua.

7. Kumsikiliza mzee

Maneno hufa kabla ya vitu. Kwa hiyo kazi ya haraka kuliko zote ni kurekodi wazee.

Nenda kwa miadi, uamkie, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Mweleze sauti yake itakaa wapi na nani ataisikia, na akikataa, heshimu. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina yenu. Kisha uliza maswali yanayofungua mlango. Ukisema, "Bibi, zamani maisha yalikuwa mazuri?" utapata ndiyo au la. Ukisema, "Bibi, ulipokuwa msichana, maji mlikuwa mkiyateka wapi, na njiani mlikuwa mkiimba nini?" utapata mtaa mzima.

Mzee akinyamaza, mngojee. Akisema jambo la siri ya ukoo, zima kinasa. Mkimaliza, weka nakala mbili mahali tofauti, na umpelekee mwenyewe yake.

8. Uanzie wapi?

Chama hakihitaji jengo ili kianze. Kinahitaji watu wachache, daftari moja, na siku maalumu ya kukutana. Mkutano wa kwanza uwe wa kazi: kila mmoja alete kitu kimoja cha nyumbani, akieleze, na mwingine aandike. Kisha alikeni mhifadhi wa makumbusho ya karibu awafundishe kuweka namba.

Nawe ambaye hutajiunga na chama chochote, una kazi ya leo jioni. Toa picha moja ya zamani, umwendee aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, na umuulize, "Hawa ni akina nani?" Andika majina nyuma, kwa penseli, kabla hamjalala. Bila majina hayo, wajukuu wako watarithi sura tu.