Chokaa Shambani: Asidi Inapogeuka Chumvi

Mkulima anatia DAP kila msimu, anapalilia mara mbili, mvua inanyesha, na bado mahindi yanabaki mafupi yenye majani ya zambarau. Kwa mashamba mengi ya Butula na Nambale, shida huenda si mbegu. Udongo una asidi.

Asidi ikikutana na chokaa, magadi au jivu, vitu hivyo viwili humalizana nguvu, na kinachobaki ni chumvi na maji. Chumvi hapa si ile ya mezani pekee, ni jina la ukoo mzima. Hata CAN ni chumvi: kiwandani, asidi ya nitriki huunganishwa na amonia, kisha huongezwa unga wa mawe ya chokaa. Maji ya jivu ambayo akina nyanya huchuja ili kulainisha mrenda yangepunguza asidi vilevile.

Jaribu nyumbani. Weka kijiko cha chokaa ya kilimo kwenye gilasi, kisha ukamulie ndimu. Povu litapanda. Hiyo ni gesi ya kaboni inayotoroka, na chumvi ya kalisi inabaki ndani ya gilasi. Ukikosa povu, muulize muuzaji maswali. Huenda amekuuzia jasi, ambayo ina kalisi lakini haiondoi asidi. Chokaa iliyochomwa ya kupaka ukuta nayo haitoi povu la maana, na huchoma ngozi; usiitawanye kwa mkono mtupu.

Shambani kazi hiyo hiyo hufanyika polepole, bila povu la kuonekana. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyojificha katika udongo huyeyuka na kudhuru ncha za mizizi. Aluminiamu hiyo, pamoja na chuma, huikamata fosfeti ya DAP kabla mmea haujaipata. Pesa ya mbolea imelala ardhini! Na DAP yenyewe huongeza asidi mwaka baada ya mwaka, amonia yake inapogeuka naitreti. Chokaa hufanya aluminiamu igande tena.

Mawe ya chokaa hayako mbali: huchimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu, na ng'ambo ya Malaba ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji Tororo miaka ya 1950.

Pima udongo kwanza, kwa sababu chokaa ikizidi huinyima mimea zinki. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuonyesha namna ya kuchukua sampuli. Tawanya chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye na udongo wa juu, wala usiiweke shimo moja na DAP, maana amonia itapotea hewani.